MASHAURI YA MITAMBO: Mashine ya Boti Inayozimika Karibu na Gati

Bwana mmoja wa Mbaraki, mwenye boti ya kuvulia, ameniletea barua ambayo naona yafaa kujibiwa hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa jambo alilolitaja huwapata wengi. Asema hivi: "Mashine yangu ni ya nguvu za farasi 15, ya kutungika nyuma ya boti. Nikiwa katika mwendo wa kasi haina neno. Lakini nikipunguza ili nikaribie gati hukohoa mara mbili tatu, kisha huzima. Fundi wa kwanza alizungusha skrubu ya kabureta, wa pili akazungusha, na wa tatu naye akazungusha. Sasa mashine ni ile ile na mafundi wamekwisha kulipwa. Je, ninunue kabureta mpya?"

Namjibu kwanza ili asifanye haraka kutoa fedha zake. La, bwana, usinunue bado. Yaelekea kabureta yako haina ubovu ila uchafu, na skrubu ile waliyoizungusha mafundi watatu ndiyo iliyopaswa kuguswa mwisho, si mwanzo.

Labda mkulima aliye Taita au Murang'a atasema, "Mimi sina boti wala bahari, habari hizi ni za watu wa pwani." Lakini ikiwa ana pampu ya petroli ya kumwagilia maji shamba lake la nyanya, basi kabureta iliyomo humo ni ndugu wa ile ya Mbaraki. Kadhalika karani aendaye kazini kwa pikipiki ya kabureta. Tofauti ni kwamba pampu ya shamba ikizima, nyanya hungoja. Boti ikizima, bahari haingoji.

Wasiopajua Mbaraki na wajue kwamba ni upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, penye mnara wa kale wa mawe na chokaa uliojengwa yapata mwaka 1700, na karibu nao hori lenye boti. Mbele ya hori ndiko mkondo wa Kilindini upitako. Meli zote ziendazo bandari kuu hupita hapo, baada ya kukata njia ya feri za Likoni zinazokwenda na kurudi mchana na usiku. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hayo yote hupita katika njia ile nyembamba. Mtu ambaye mashine yake imezima hapo hachukuliwi atakako yeye. Huchukuliwa yatakako maji. Na nahodha wa meli ya makasha, hata akikuona, hawezi kuisimamisha meli yake kama asimamishavyo baiskeli.

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine inayozima katika mwendo wa pole si hatari, maadamu katika kasi yaenda. Ni kinyume. Nahodha hupunguza mwendo mahali ambapo hatari ipo karibu: gatini, kati ya boti nyingine, juu ya mwamba, au anapompisha mwenziwe. Hapo ndipo anapoihitaji mashine imtii. Wengine, ili isizime, huipandisha skrubu ya mwendo hata mashine ikanguruma kwa nguvu bila kuwekwa gia. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Ukiitia gia, meno yake hugongana kwa kishindo, boti huruka mbele, na aliyesimama omo na kamba mkononi hujikuta majini.

Sasa na tuitazame kabureta yenyewe. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, sehemu 1 ya petroli kwa hewa sehemu karibu 15 kwa uzito. Mtaliano mmoja, Venturi, alieleza katika mwaka 1797 jinsi maji yapitayo katika mfereji uliobanwa yanavyozidi mbio na kupungukiwa na mkazo wake. Hewa nayo hufanya hivyo. Koo la kabureta limebanwa katikati. Hewa ipitapo kwa kasi hufyonza petroli kutoka katika bakuli iliyo chini, kwa kupitia tundu la shaba liitwalo jeti. Katika bakuli hiyo mna boya dogo. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano ifunge mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka.

Lakini ndani ya koo mna kilango mfano wa kipepeo, nacho ndicho ukiamrishacho unapozungusha mkono wa mwendo. Ukipunguza, kipepeo karibu hufunga kabisa. Hewa ipitayo ni kidogo mno, na ile jeti kubwa haifyonzwi tena. Kwa hiyo watengenezaji wameweka njia ya pili, nyembamba sana, itokeayo karibu na ukingo wa kipepeo, mahali ambapo mvuto wa injini ni mkali kipepeo kinapofungwa. Njia hii ina jeti yake ndogo, na tundu lake mara nyingi ni karibu nusu ya milimita. Hiyo ndiyo ilishayo mashine katika mwendo wa pole, ule ambao mafundi wengine huuita silensa.

Basi msomaji ataona kwa nini mashine ya bwana huyu yaenda vema katika kasi na kufa katika pole. Tundu kubwa ni safi; tundu dogo limezibwa. Chembe moja ya kutu ya debe yatosha. Na hapana skrubu duniani iwezayo kuizibua kwa kuzungushwa kwa nje.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu mgonjwa kwa barua. Jumamosi asubuhi nilikwenda Mbaraki nikamkuta mwenye boti, mzee aliyekwisha pita miaka 60, ameketi juu ya dumu akiitazama mashine yake kama mtu amtazamavyo mtoto mkaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na skrubu mpya?"

"Nimekuja na chupa ya kioo, mzee."

Alicheka, lakini chupa ilikuwa ya kazi. Nilichota petroli kutoka chini kabisa ya tangi lake, nikaitia katika chupa na kuiacha itulie kwa muda wa robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini. Tuliona chini ya chupa tabaka la maji, unene wa ukucha, na juu yake vumbi la rangi ya kahawia. Tangi la boti hupata maji kwa njia nyingi: mvua, wimbi, kifuniko kisichofunga, hata jasho la hewa ya usiku ndani ya tangi lililo nusu tupu.

Wazee wa baharini husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mafundi watatu walikwenda tezi na omo ya kabureta. Ngama ya mambo ilikuwa katika tangi. Kwa sababu hiyo nawasihi wenye mashine za petroli waanze huko daima. Tazama kwanza skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi; ikiwa imefungwa, petroli hutoka kidogo kidogo na mwisho hugoma, na mashine huzima baada ya mwendo wa dakika kadhaa. Kisha paipu, hasa pale ipoungana na mashine, maana mpira ukipasuka huvuta hewa bila kumwaga petroli, na macho hayaoni kitu. Kisha kichujio.

Na petroli yenyewe? Hapa nataka kusimama kidogo. Wako wauzao petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa tamaa ya faida. Uovu huo ulizidi nchini Kenya hata Serikali, katika mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuliko petroli. Mashine iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwaka kwa taabu, hutoa moshi, huchafua plagi, na haitulii katika mwendo wa pole hata ukiibembeleza. Jaribio lake ni jepesi: kabla hujatia oili, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi isiache alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Petroli ya mzee wetu ilipita mtihani huo, namshukuru mwuzaji wake.

Kabla ya kuivua kabureta tuliiwasha mashine ikiwa majini. Msomaji asiiwashe kamwe mashine ya boti ikiwa nchi kavu bila maji ya kuipoza, kwa maana feni ya mpira iliyo katika pampu ya maji huungua kwa muda mfupi sana. Kama boti iko ufukoni, tia mguu wa mashine ndani ya pipa la maji matamu.

Ilipoanza kukohoa nilimwambia kijana wake aubonyeze ule mpira wa mkono wa kuvutia petroli. Kama mashine ingalipata nguvu kwa kubonyezwa, ningalijua ya kuwa haifikiwi na petroli ya kutosha, nami ningaliitafuta ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya pampu yake. Haikubadilika. Nikamwambia avute choki kidogo. Mara mashine ikatulia! Choki hupunguza hewa. Mashine inayopona kwa choki ni mashine inayokosa petroli katika njia ndogo, au inayovuta hewa ya wizi kwa kupitia gaskiti iliyopasuka. Tuliipaka maji ya sabuni mahali kabureta ishikapo injini, na mngurumo haukubadilika. Basi hewa ya wizi haikuwapo.

Kinyume chake ni mashine inayolewa petroli: hutoa moshi mweusi, plagi zake huwa majimaji, na petroli hudondoka katika kabureta. Hapo aghalabu sindano ya boya haifungi, ama kwa uchafu ama kwa kulika. Plagi nazo zisisahauliwe. Mashine nyingi za nguvu 15 zina silinda mbili. Plagi moja ikifa, silinda moja huivuta nyingine, na katika mwendo wa pole haiwezi. Za mzee zilikuwa nzima, nikazipiga brashi tu nikazirudisha.

Ndipo tukaivua kabureta, juu ya shuka nyeupe iliyotandikwa katika sinia, ili vitu vidogo visipotelee mchangani. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuta sigara. Kabla ya kufungua skrubu ile mashuhuri, niliizungusha ndani pole pole nikihesabu mizunguko mpaka ilipogusa mwisho. Ilikuwa mitatu na robo! Kitabu cha mashine kilisema mmoja na nusu. Kila fundi alikuwa ameifungua zaidi kuliko mwenziwe, akijaribu kuipa mashine petroli ambayo haikuweza kupita. Skrubu hii isikazwe kwa nguvu inapogusa mwisho, kwa sababu ncha yake ni nyembamba kama ya sindano, nayo ikipata jeraha haitapima sawasawa tena.

Ndani ya bakuli tulikuta matope ya kahawia, na juu ya shaba ukungu wa kijani uletwao na maji ya chumvi. Jeti kubwa, ukiielekeza juani, ilionyesha mwanga wa duara. Jeti ndogo haikuonyesha kitu.

Kijana alileta waya wa chuma. Nikamzuia mkono, na hapa yanipasa kukiri. Zamani nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii niliwahi kuizibua jeti kwa waya, nikajisifu sana siku ile. Shaba ni laini, na waya hukwangua tundu likawa pana. Mashine yule ilikunywa petroli na kutoa moshi tangu siku ile, nami sikuelewa sababu mpaka miaka miwili ilipopita. Kwa hiyo tulilowesha jeti katika dawa ya kusafishia kabureta kwa nusu saa, tukapitisha uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni, ambao kila nyumba ya mvuvi unao, kisha tukapuliza kwa pampu ya baiskeli. Tulipoielekeza juani tena, nuru ilitokea, ndogo kama nyota. Njia zilizomo ndani ya mwili wa kabureta tulizipuliza vivyo hivyo, kila tundu, tukihakikisha kwamba kipulizwacho huku chatokea kule. Petroli chafu ya tangi tuliitia katika dumu ipelekwe gereji, haikumwagwa horini.

Tangi liliposafishwa tulitia petroli mpya na oili yake. Mashine ya mzee, ambayo huchanganyiwa oili katika petroli, yataka sehemu 1 kwa 50. Yaani lita 20 za petroli hutiwa oili mililita 400, nayo iwe oili iliyofanywa kwa mashine za boti. Wako wazidishao kwa huruma, wakidhani wanaipendelea mashine. Oili ikizidi, plagi huchafuka, na wa kwanza kulalamika ni mwendo wa pole.

Sasa ndipo skrubu ilipopata zamu yake. Tuliiweka mzunguko mmoja na nusu, tukaiwasha mashine, tukaiacha ipate moto kwa dakika kumi, maana mashine baridi hudanganya. Kisha niliizungusha ndani kidogo kidogo mpaka mashine ikaanza kuyumba. Nikairudisha nje mpaka ikayumba kwa upande wa pili, kwa uzito. Nikaiacha kati ya hizo mbili, ikielekea kidogo upande wa petroli nyingi. Nasema upande huo kwa sababu mashine ya namna hii hupata oili yake pamoja na petroli, na ikinyimwa petroli hunyimwa na oili pia, ikaungua bastola. Msomaji asome kitabu chake kwanza, kwa kuwa katika kabureta nyingine skrubu hupima hewa, na katika nyingine hupima mchanganyiko, na kuzungusha ndani kwa moja ni sawa na kuzungusha nje kwa nyingine.

Mwisho kabisa niliigusa ile skrubu nyingine, inayozuia kipepeo kisifunge kupita kiasi, mpaka mwendo ukafika katika kipimo cha kitabu. Kipimo hicho hujaribiwa gia ikiwa imeshika, boti imefungwa kamba mbili gatini, maana mashine nyingi hutulia vizuri bila mzigo na kuzima zipewapo kazi. Ikiwa yako huzima kila itiapo gia, tazama pia chini: huenda kipande cha wavu kimejiviringa katika rafadha.

Mzee aliniuliza uchafu huu ulitoka wapi, naye ni mtu msafi. Nikamwuliza boti ilikaa bure lini. Akasema, wakati wa kusi, bahari ilipochafuka, aliivuta pwani majuma saba. Ndiyo hiyo sababu, mzee. Petroli iliyoachwa katika bakuli la kabureta hukauka katika joto letu la Mombasa, ikaacha utomvu kama gundi, na utomvu huo huanza kuziba palipo pembamba zaidi. Kusi ijayo, siku ya kuivuta boti, aifungue skrubu iliyo chini ya bakuli na kuimwaga petroli yote katika kopo. Ni kazi ya dakika tano. Wengine hung'oa paipu na kuiacha mashine ile mpaka ife yenyewe. Yafaa, lakini petroli kidogo husalia chini, nami napenda skrubu zaidi.

Alasiri maji yalipojaa tulitoka horini, tukaenda mbele kidogo bila kukaribia njia ya feri, tukarudi. Mita thelathini kutoka gatini mzee alipunguza mwendo mpaka mwisho. Kijana alikuwa tayari na kasia mkononi, kama alivyozoea miezi yote hiyo. Mashine ilinguruma pole pole, maji ya kupozea yakitoka kwa uzi mmoja ulionyoka, mpaka ubavu wa boti ulipogusa matairi ya gati, na kijana akaliweka kasia chini.

Ndani ya kifuniko cha mashine nimeandika kwa kalamu ya risasi tarehe ile na hesabu ya skrubu: mmoja na nusu, kasoro kidogo. Fundi wa nne akija, aisome kabla ya kutoa bisibisi yake.